Somo la 34: Taa nane na pia yenye herufi nne

(Kusoma – Kazi ya mikono – Hesabu)

Leo tutasoma habari ya sikukuu moja ya Wayahudi. Jina lake Hanuka. Huangukia mwisho wa mwezi wa kumi na moja ao katika mwezi wa kumi na mbili, nayo hudumu siku nane. Katika siku hizo watoto Wayahudi huwasha taa pamoja na wazazi wao, huchezesha pia, na hula mikate ya mafuta. Nasi tutajifunza kutengeneza taa na pia kwa mikono yetu. Lakini kwanza tujue sikukuu hii ilitoka wapi. Mchezo usiojulikana maana yake husahauliwa upesi.

I. MFALME ALIYEKATAZA SALA

Zamani sana, mwaka 167 mbele ya kuzaliwa kwake Yezu Kristu, nchi ya Wayahudi ilitawaliwa na mfalme mgeni. Jina lake Antioko wa Nne. Mfalme huyu alikaa mbali, lakini amri zake zilifika hata vijijini. Alitaka watu wote wa ufalme wake waache desturi za wazee wao, wawe na desturi moja tu.

Basi, akatoa amri kali. Wayahudi wasishike tena siku ya Sabato. Wasitahiri watoto wao. Vitabu vya Sheria vipasuliwe na kutupwa motoni. Mtu akionekana na kitabu hicho nyumbani mwake, auawe. Kisha watu wa mfalme wakaingia katika Hekalu la Yerusalemu. Juu ya altare ya Mungu wakajenga altare nyingine, ya mungu wa Wagriki.

Fikirini kidogo. Mtu akikukataza kupita njia fulani, utapita njia nyingine. Akikukataza kuimba, utanyamaza. Lakini akikukataza sala uliyofundishwa na mama yako, utafanya nini?

Wayahudi wengine waliogopa, wakatii. Wengine wakakimbilia mapangoni. Wengine wakakataa, wakauawa.

Katika mji mdogo wa Modini alikaa mzee mmoja, jina lake Matatia. Alikuwa na wana watano: Yoane, Simoni, Yuda, Eleazari na Yonatani. Siku moja wajumbe wa mfalme walifika Modini. Walitaka Matatia awe wa kwanza kutoa sadaka ya kipagani, sababu watu walimheshimu. Wakamwahidi feza na zahabu. Mzee akakataa kwa sauti kubwa mbele ya watu wote. Siku ile damu ilimwagika pale pale penye altare, na vita vikaanza.

Matatia na wanawe walikimbilia milimani. Mzee alipokufa, Yuda akawa mkubwa wa vita. Watu walimpanga jina la Makabeo. Wengi husema maana yake ni «nyundo».

Jeshi la Yuda lilikuwa dogo, lakini lilijua vizuri njia za milimani. Mwaka 164 mbele ya Kristu, Yuda na watu wake wakaingia Yerusalemu. Walikuta nini? Hekalu limeachwa tupu, milango imeunguzwa, na vichaka vimeota katika viwanja vyake kama porini. Wakalia sana.

Kisha wakafuta machozi, wakaanza kazi. Wakabomoa altare iliyochafuliwa. Lakini mawe yake hawakuyatupa, sababu zamani yalikuwa mawe matakatifu. Waliyaweka mahali pazuri, yangojee mpaka atokee nabii wa kuwaambia wayafanyie nini. Wakachukua mawe mapya, wakajenga altare mpya. Wakatengeneza kinara kipya, wakawasha taa zake, na nuru ikaonekana tena ndani ya Hekalu. Siku ya 25 ya mwezi wa Kislevu wakaitabaruku altare ile, wakafanya sikukuu kwa siku nane. Na neno Hanuka maana yake ni hilo: kutabaruku.

Habari hizi zimeandikwa katika vitabu viwili vya Wamakabeo. Vitabu hivi ni katika Biblia yetu sisi Wakatoliki. Jambo la ajabu ni hili: katika Biblia ya Wayahudi wenyewe vitabu hivi havimo, lakini sikukuu wanaishika hata leo. Nayo Injili ya Yoane, sura ya 10, inatuambia kwamba Yezu alikuwa Hekaluni wakati wa sikukuu hii, siku za baridi, akitembea katika ukumbi wa Solomoni.

II. KWA NINI SIKU NANE?

Mtoto mwenye akili atauliza: kwa nini siku nane, si tatu ao kumi? Kuna majibu mawili.

Jibu la kwanza ni katika kitabu cha pili cha Wamakabeo. Wayahudi wana sikukuu nyingine ya siku nane, inayoitwa sikukuu ya Vibanda. Mwaka ule, Yuda na wenzake hawakuweza kuifanya vizuri, sababu walikuwa wakiishi milimani na mapangoni kama nyama wa porini. Basi, walipopata Hekalu lao, walifanya siku nane za furaha kwa kukumbuka zile walizozikosa.

Jibu la pili limeandikwa katika Talmudi, kitabu kikubwa cha mafundisho ya Wayahudi kilichoandikwa miaka mamia nyuma ya vita vile. Linasema hivi: Wayahudi walipoingia Hekaluni walitafuta mafuta safi ya zeituni kwa taa. Mafuta yote yalikuwa yamechafuliwa. Waliona chupa moja ndogo tu yenye muhuri wa kuhani mkubwa. Mafuta yake yalitosha siku moja. Wakayatia katika taa. Na taa ikawaka siku nane, mpaka walipokwisha kupata mafuta mengine.

Ni kwa habari hii ya mafuta kwamba Wayahudi huwasha taa nane, na hula vyakula vilivyokaangwa katika mafuta.

III. TAA TISA ZA UDONGO

Kinara cha Hekalu kilikuwa na matawi saba. Kinara cha Hanuka kina mahali pa taa nane, na mahali pa taa moja zaidi, juu kidogo ao kando. Taa ile ya tisa huitwa shamashi, maana yake «mtumishi». Kazi yake ni kuwasha zile nane. Nuru ya zile nane haitumiwi kwa kazi: mtu hashoni nguo wala hasomi kitabu kwa nuru yake. Ni za kutazamwa tu na kukumbukwa. Basi, ni mtumishi anayetoa nuru ya kutumia.

Sasa tufanye kinara chetu. Wayahudi wa zamani walitumia taa za udongo, nasi udongo tunao.

1. Tafuteni udongo wa mfinyanzi kando ya mto. Toeni vijiwe na mizizi. Kandeni udongo mpaka uwe laini kama bukari.

2. Fanyeni matonge tisa. Kila tonge liwe na ukubwa wa ndimu.

3. Bonyezeni kidole gumba katikati ya kila tonge, mpate kibakuli kidogo. Finyeni ukingo upande mmoja, mpate mdomo. Hapo utambi utalala.

4. Tonge la tisa mlipe mguu wa udongo, urefu wake sentimetri 4. Ndiye mtumishi, lazima aonekane tofauti na wengine.

5. Wekeni taa zote kivulini siku nne. Msiziweke juani, zitapasuka. Zikikauka, ziombeeni nafasi kwa mama mfinyanzi wa kijiji, azichome pamoja na vyungu vyake. Taa isiyochomwa hunywa mafuta yote.

6. Sokoteni pamba, mfanye tambi tisa. Tieni mafuta kidogo.

Mwalimu peke yake ndiye atakayewasha moto, ao mtoto mkubwa akisimamiwa na mwalimu. Watoto wadogo wa kalasi ya kwanza wasishike kiberiti. Wao wafanye ndimi za moto kwa karatasi nyekundu na manjano, na kila siku waweke ulimi mmoja katika taa moja. Taa yao haitaunguza mtu, na hesabu yake ni ile ile.

Namna ya kuwasha ni hii. Usiku wa kwanza, taa moja, iliyo mwisho wa mkono wa kuume. Usiku wa pili, taa mbili. Usiku wa tatu, taa tatu. Vivyo hivyo mpaka usiku wa nane. Taa mpya huongezwa kwa kuelekea mkono wa kushoto. Lakini moto huanza kwa ile mpya, kisha hurudi kuelekea kuume. Hivi taa ya leo hupata heshima ya kwanza, na taa ya jana haisahauliwi.

Jambo moja msilisahau. Kwa Wayahudi, kuwasha taa hizi ni sala. Sisi tunafanya mfano wake tupate kujifunza. Basi, tusifanye mzaha, wala tusiigize sala yao kwa kuchekesha wenzetu. Tungependa mtu acheze na mambo yetu matakatifu? Hapana.

IV. HESABU YA TAA

Andikeni katika madaftari yenu:

1 + 2 + 3 + 4 + 5 + 6 + 7 + 8 = ?

Mtoto mvivu atahesabu kwa vidole, na vidole havitatosha. Mtoto mwerevu ataunganisha namba mbili mbili, ya kwanza na ya mwisho:

1 + 8 = 9
2 + 7 = 9
3 + 6 = 9
4 + 5 = 9

Tumepata 9 mara nne. 9 × 4 = 36. Basi, katika usiku nane tutawasha taa mara 36. Lakini tumesahau nani? Tumemsahau mtumishi! Yeye huwashwa kila usiku, ni mara nane. 36 + 8 = 44. Ndiyo sababu siku hizi mtu akinunua sanduku la mishumaa ya Hanuka, hukuta ndani mishumaa 44.

Zamani walimu wa Wayahudi walishindana juu ya hesabu hii. Watu wa shule ya mwalimu Shamai walisema: tuanze na taa nane, kisha tupunguze, saba, sita, mpaka moja, kwa kuwa siku zinapungua. Watu wa shule ya mwalimu Hileli walisema: hapana, tuanze na moja, tuongeze, maana katika mambo matakatifu mtu hupanda, hashuki. Wayahudi walifuata shule ya Hileli mpaka leo.

Swali: Je, kama wangefuata shule ya Shamai, mishumaa ingekuwa mingi zaidi ao michache zaidi? Hesabuni mbele ya kujibu.

V. PIA YENYE HERUFI NNE

Taa zikiwaka, kazi hukoma. Katika nyumba nyingi akina mama hawashoni wala hawafui wakati taa zinapowaka. Watoto hukaa chini na kuchezesha pia. Ninyi nyote mwajua pia. Nani hajapata kuichezesha uwanjani? Pia ya Hanuka ina pande nne, na kila upande una herufi moja ya Kiebrania: Nuni, Gimeli, He na Shini. Ni herufi za kwanza za maneno manne, maana yake: «Muujiza mkubwa ulifanyika huko.» Katika nchi ya Israeli hawaandiki Shini, huandika Pe, kwa kuwa wao husema: «Muujiza mkubwa ulifanyika hapa.» Ni herufi moja tu iliyobadilika, na kwa herufi hiyo utajua kama mwenye pia anakaa mbali na Yerusalemu ao karibu.

Wazee wengine husimulia kwamba siku za Antioko watoto walijifunza Sheria kwa siri, na askari walipokuja, watoto walificha vitabu na kutoa pia, kana kwamba wanacheza tu. Ni hadisi nzuri. Lakini watu waliochunguza mambo ya zamani wanasema mchezo huu Wayahudi waliupata huko Ulaya. Katika nchi ya Ujerumani watu walikuwa na pia ya namna hii, nayo herufi zake zilikuwa za maneno ya Kijerumani: hakuna, zote, nusu, weka. Wayahudi walichukua mchezo ule, wakaupa maana yao. Hata hivyo hadisi ya vitabu vilivyofichwa inatukumbusha jambo la kweli: mfalme yule alichoma vitabu, na watu walikubali kufa kwa ajili ya kitabu.

Namna ya kufanya pia ya karatasi ngumu:

1. Twaeni karatasi ngumu, kama ile ya sanduku la sabuni. Kateni mraba, kila upande uwe na sentimetri 6.

2. Pigeni mistari miwili kutoka pembe mpaka pembe. Mistari itakutana katikati, na mtaona pembetatu nne.

3. Katika kila pembetatu andikeni herufi moja: N, G, H, S. Mwalimu akijua herufi za Kiebrania, aziandike ubaoni, nanyi mzifuatishe.

4. Chongeni kijiti kinyofu, urefu wake sentimetri 7. Mwisho mmoja uwe na ncha.

5. Toboeni mraba pale mistari inapokutana, mpitishe kijiti. Ncha itokee chini sentimetri 2. Kama kijiti kinalegea, kibandikeni kwa utomvu wa mti.

6. Zungusheni kwa vidole viwili. Pia ikiyumba sana, kijiti hakiko katikati. Anzeni tena, msikasirike.

Katika pia ya Wayahudi husomwa herufi inayotazama juu. Katika pia yetu ya karatasi tutasoma herufi iliyo upande unaogusa chini.

Namna ya kucheza:

Watoto wakae kwa duara, wanne ao watano. Kila mmoja apate karanga 10. Kila mmoja aweke karanga moja katikati. Kisha wazungushe pia kwa zamu.

N: Hupati kitu, hupotezi kitu.
G: Chukua karanga zote zilizo katikati. Kisha kila mtu aweke tena moja.
H: Chukua nusu. Kama namba haigawanyiki, mpatane mbele ya kuanza nani achukue ile ya ziada.
S: Weka karanga yako moja katikati.

Tujaribu pamoja. Watoto ni wanne. Kila mmoja ameweka moja. Katikati ni 4, na kila mtoto amebaki na 9. Mtoto wa kwanza anapata G: anachukua 4, sasa anazo 13. Wote wanaweka tena moja moja: katikati ni 4, mtoto wa kwanza anazo 12, wengine 8. Mtoto wa pili anapata N: anabaki na 8. Wa tatu anapata H: anachukua 2, sasa anazo 10. Wa nne anapata S: anaweka moja, anabaki na 7. Katikati ziko 3.

Hesabuni zote: 12 + 8 + 10 + 7 + 3 = 40. Mwanzoni zilikuwa ngapi? 10 × 4 = 40. Ni sawa. Karanga za mchezo huu haziongezeki wala hazipungui, hupita tu mkono kwa mkono. Basi, kama mwisho wa mchezo mnaona 38, msimlaumu mwalimu wa hesabu. Tazameni vinywa vya wachezaji.

Mchezo ukiisha, aliyepata nyingi awagawie wenzake, wote wale pamoja.

VI. CHAKULA CHA MAFUTA

Wayahudi waliotoka Ulaya ya Mashariki hupika chapati ndogo za viazi. Katika nchi ya Israeli hupendwa sana andazi la mviringo lenye jamu ndani. Watoto wakubwa wanaweza kusaidia mama kupika zile za viazi. Tafuteni:

viazi vya kizungu 6,
kitunguu 1,
mayai 2,
unga wa ngano vijiko 3,
chumvi kidogo,
mafuta ya kukaangia.

Menyeni viazi na kitunguu. Vikwaruzeni juu ya kipande cha bati kilichotobolewa kwa misumari na kuoshwa vizuri. Tieni katika kitambaa safi, mkamue maji kwa nguvu. Hii ni kazi ya wavulana, maana husema wana nguvu. Changanyeni na mayai, unga na chumvi. Mama ateke kwa kijiko, akaange mpaka rangi iwe kama ya zahabu pande zote mbili. Watoto wakae mbali na mafuta ya moto.

VII. TAA DIRISHANI

Desturi ya Wayahudi ni kuweka taa za Hanuka mlangoni ao dirishani, watu wanaopita njiani wazione. Lakini Talmudi inaongeza neno: wakati wa hatari, mtu aweke taa yake juu ya meza ndani ya nyumba, na inatosha. Neno hilo linatuonyesha kwamba siku za hatari zilikuwa nyingi.

Mwaka 1931, katika mji wa Kiel huko Ujerumani, mke wa rabi mmoja, jina lake Rachel Posner, aliweka kinara chake dirishani. Ng'ambo ya barabara ilitundikwa bendera ya chama cha Hitler, waliowachukia Wayahudi. Mama huyo alipiga picha: kinara mbele, bendera nyuma. Nyuma ya picha aliandika kwa Kijerumani kwamba bendera inasema Wayahudi watakufa, nayo nuru inajibu kwamba wataishi. Mwaka 1933 jamaa yake yote iliondoka Ujerumani, ikaokoka. Picha na kinara vinatunzwa hata leo.

Wengine wengi hawakuokoka. Habari hii inagusa hata nchi yetu ya Kongo. Katika mji wa Lubumbashi, ulioitwa zamani Elisabethville, liko sinagogi lililojengwa karibu na mwaka 1930. Wayahudi wengi wa mji ule walitoka katika kisiwa cha Rhodes. Babu zao walifukuzwa katika nchi ya Hispania mwaka 1492, na hata huku Katanga wazee wao walisema bado Kihispania cha kale. Rabi Moïse Levy alifika mwaka 1937, akawatumikia zaidi ya miaka hamsini.

Mwezi wa saba mwaka 1944, askari Wajerumani waliwakamata Wayahudi waliobaki Rhodes, wazee na watoto wachanga pia. Walikuwa zaidi ya 1600. Wakapelekwa kwa meli na gari la moshi mpaka Auschwitz. Waliorudi hawakufika mia mbili. Basi, Hanuka ya mwaka ule, watu wa Elisabethville waliwasha taa bila kujua kama mama zao na ndugu zao wangali hai.

Walakini waliziwasha. Usiku wa kwanza moja, usiku wa pili mbili. Miaka iliyofuata Wayahudi wengi walihama Kongo, na leo waliobaki Lubumbashi ni wachache. Ukipita siku moja mbele ya sinagogi lile, utakumbuka somo hili: mfalme Antioko alikuwa na majeshi na tembo wa vita, naye amekufa, taa ndogo inayoshika mafuta ya kijiko kimoja ingali inawaka.

MANENO YA KUJIFUNZA

Kutabaruku: kuweka kitu kitakatifu kwa ajili ya Mungu.
Kinara: kitu cha kusimamishia taa ao mishumaa.
Utambi: uzi wa pamba unaowaka ndani ya taa.
Rabi: mwalimu na kiongozi wa dini ya Wayahudi.
Sinagogi: nyumba ya sala ya Wayahudi.
Utomvu: maji mazito yanayonata, yatokayo katika mti.

MASWALI

1. Antioko alikataza mambo gani?
2. Matatia aliahidiwa nini? Alijibu namna gani?
3. Kwa nini Yuda na wenzake hawakuyatupa mawe ya altare iliyochafuliwa?
4. Toeni majibu mawili ya swali hili: kwa nini Hanuka ni siku nane?
5. Kazi ya shamashi ni nini? Katika nyumba yenu, nani anafanana naye?
6. Pia ya Israeli inatofautiana namna gani na pia ya nchi nyingine?
7. Kwa nini mama Posner aliweka kinara dirishani, si mezani?

KAZI

1. Hesabu: Herufi za Kiebrania ni namba pia. Nuni ni 50, Gimeli ni 3, He ni 5, Shini ni 300. Jumlisheni zote nne.

2. Hesabu: Kalasi ina watoto 32. Wanakaa wanne wanne kucheza pia. Kila mtoto anahitaji karanga 10. Zitatakiwa pia ngapi na karanga ngapi?

3. Kuchora: Choreni kinara cha usiku wa tano. Taa ngapi zinawaka, pamoja na mtumishi?

4. Kuandika: Waulizeni wazee nyumbani: «Ni desturi gani ya wazee wetu ambayo hamkukubali kuiacha, hata mlipokatazwa?» Andikeni jibu lao kwa mistari sita. Kesho kila mtoto asome lake mbele ya wenzake, na wenzake wasikilize kimya.